Sanamu za Maria katika pembe za nyumba za Anvers

Wamisionere wengi waliotujia kutoka Ubelgiji walipanda meli katika bandari ya Anvers, wakashukia Matadi. Basi katika buku hili la Yubile tumeona vema kusema neno juu ya mji ule, na hasa juu ya nyumba zake za zamani.

Atokaye mtoni kuelekea kanisa kuu la Bibi Yetu, akiinua macho, ataona kwenye pembe za nyumba sanamu za Bikira Maria akimpakata Mtoto. Si nyumba za ibada. Ni makao ya watu, mara nyingi duka chini na vyumba juu. Sanamu hizo zapita mia moja. Kila moja husimama juu ya jiwe lililotokezwa ukutani, nyingi zikiwa na kipaa kidogo cha kuzuia mvua, na taa iliyotundikwa kwa chuma. Pembe ilichaguliwa kwa akili, kwani huonekana na watu wa njia mbili. Mji ulipokuwa bado na giza usiku, taa ya Maria ilimwangazia hata mlevi arudiye kwake.

Lakini tusidhani kwamba zilipandishwa katika amani. Tarehe 20 Agosti 1566 watu walivunja sanamu za kanisa kuu. Mwaka wa 1581 wafuasi wa Calvin, waliokuwa wakiutawala mji, walikataza Misa. Kisha tarehe 17 Agosti 1585, baada ya kuuzingira zaidi ya mwaka mmoja, Alexandre Farnèse aliuteka kwa ajili ya mfalme wa Hispania. Mwaka wa 1587 sanamu ya Maria iliwekwa mbele ya nyumba ya mji, mahali pa Brabo, yule shujaa wa hadithi aliyemkata jitu mkono na kuutupa mtoni.

Hatutaficha lililofuata. Waprotestanti walipewa miaka minne: wageuke au wahame. Wakaaji waliokuwa wapata 80,000 walibaki 42,000 hivi mwaka wa 1589. Basi Wakatoliki walipompamba Mama wa Mungu pembeni mwa mtaa, jirani wengi walikuwa wamekwisha kwenda. Sisi tunaoishi mlango kwa mlango na Waprotestanti hatuwezi kuruka ukurasa huo.

Katika karne ya 17 wachongaji walizifanyiza kwa mti, mawe na udongo wa kuchomwa, nguo zikipeperuka kana kwamba upepo wa mto unavuma. Nchi ilipotiwa chini ya Ufaransa mwaka wa 1795, sheria ilikataza alama za dini hadharani. Sanamu zikashushwa, nyingine zikafichwa nyumbani. Baada ya mapatano ya Napoleon na Papa Pio VII, mwaka wa 1801, zilirudi polepole.

Leo baadhi ni nakala tu, zile za asili zikiwa zimehifadhiwa katika makumbusho, mbali na mvua na moshi. Maria wa nyumba ya mji angali ukutani. Brabo naye alirudi mwaka wa 1887, katika chemchemi ya Jef Lambeaux, uwanjani, mbele yake.