Kamishna wa Wakimbizi na mipaka ya mamlaka yake

Maai Mahiu, karibu na Mlima Longonot, palipigwa kambi za Wakenya waliofurushwa makwao na ghasia zilizofuata Uchaguzi Mkuu wa Desemba 2007. Waliitwa wakimbizi wa ndani. Kisheria, hata hivyo, hao si wakimbizi, kwa kuwa hawakuvuka mpaka wa nchi. Haki zao zinalindwa na sheria nyingine, ya mwaka 2012.

Anayeamua nani ni mkimbizi nchini Kenya ni Kamishna wa Wakimbizi, afisa wa serikali anayeongozwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyochukua nafasi ya ile ya 2006. Mwombaji sharti awe amekimbia mateso kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa, ama vita na machafuko yaliyoivuruga nchi yake. Mhalifu wa kivita hakubaliwi.

Kamishna haamui apendavyo. Sheria inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini, na anayekataliwa anaweza kukata rufaa.

Mei 2016, Katibu wa Usalama wa Ndani, Karanja Kibicho, alitangaza kuvunjwa kwa Idara ya Masuala ya Wakimbizi na kufungwa kwa kambi za Dadaab. Watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na Februari 9, 2017, Jaji John Mativo wa Mahakama Kuu alibatilisha hatua zote mbili.