Uvimbe wa seli masti wa ng'ombe

Uvimbe adimu wa ngozi, utokanao na seli za kinga ambazo Paul Ehrlich wa Ujerumani alizieleza mwaka 1878. Huota kama vinundu, kimoja au vingi, na mfugaji hudhani ni ugonjwa wa mapele ngozi. Lakini mapele ngozi huja na homa na huenea kundini. Kuupapasa tu hakutoshi kabisa kuutambua. Daktari wa mifugo hufyonza seli kwa sindano nyembamba, huzipaka kwenye kioo na kuzitia rangi ya toluidini ya buluu: chembechembe zilizosongamana ndani ya seli hugeuka zambarau. Jibu la uhakika hutoka kwenye kipande kilichokatwa na kuhifadhiwa katika formalini ya asilimia 10. Kikiwa kinene mno, kiini huoza kabla dawa haijapenya. Mitoki iliyo karibu na uvimbe nayo ichunguzwe.