Mhusika wa Kiswahili: Kutoka Sungura hadi Yasmin

Usawiri wa wahusika ni jumla ya mbinu zinazomwezesha msomaji au mtazamaji kumjua kiumbe wa sanaa: jina alilopewa, anayoyatenda, anayoyasema, wanayoyasema wengine juu yake, na yale anayoyawaza akiwa peke yake. Katika sanaa ya Kiswahili mbinu hizi hazikushika nguvu zote kwa wakati mmoja. Kila ilipozuka namna mpya ya kumchora mtu, maana ya kazi nayo ilihama. Hapo kale ilikaa katika sifa inayojulikana na kila mtu. Baadaye ikahamia katika shaka ya mtu mmoja.

Fanani wa ngano hana haja ya kumweleza Sungura. Akitajwa tu, watoto wanajua kuna mtu atakayedanganywa, na akitajwa Fisi wanajua ulafi utamponza. Kwa kuwa tabia imefahamika kabla ya kisa kuanza, hadhira hungoja kuona hila itapita njia gani safari hii. Wahakiki humwita mhusika wa aina hii bapa, tofauti na mhusika duara, ambaye hukua na kuwashangaza wasomaji. Mgawanyo huo ulitolewa mwaka 1927 na E. M. Forster, mwandishi wa Uingereza. Katika ngano, ubapa ndio nguzo ya funzo: Fisi akiacha ulafi, hadithi nzima inakosa la kufundisha.

Abunuwasi anaonesha jinsi simulizi inavyoweza kumchonga hata mtu aliyewahi kuishi. Jina lake linatokana na Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad katika enzi za Harun al-Rashid. Katika hadithi za pwani ya Afrika Mashariki ushairi wake haukutiliwa maanani. Kilichobaki ni akili ya kuwaumbua wenye mali na madaraka, sifa ambayo wasikilizaji wanyonge walikuwa na kiu nayo.

Fumo Liyongo naye ni shujaa wa simulizi za pwani ya kaskazini. Muhammad Kijumwa wa Lamu alimtungia utendi mwaka 1913. Humo Liyongo hujulikana kwa matendo. Gerezani anapokea mkate wenye tupa ndani yake, uliotumwa na mamake, na ngoma ya gungu inapovuma anakata pingu bila mlio kusikika. Mwili wake haudhuriki ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na mwanawe mwenyewe ndiye anayetumwa kumchoma. Shujaa anakwenda kisimani, anapiga magoti na kuvuta upinde, na hata baada ya roho kumtoka watu hawathubutu kumkaribia. Nguvu zake zimekuzwa kupita kiasi ili udhaifu wake uonekane ulipo: jeshi halikumweza, aliuawa na mtu wa nyumbani.

Riwaya ya Kiswahili ilipoanza kukomaa, Shaaban Robert alilipa jina kazi kubwa zaidi. Katika *Kusadikika* (1951) mshtakiwa ni Karama na mshtaki wake ni waziri Majivuno. Wajumbe waliotumwa kutafuta mageuzi wanaitwa Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Katika *Adili na Nduguze* (1952) ndugu wanaomsaliti Adili ni Hasidi na Mwivu, ambao huishia kugeuzwa manyani. Mbinu hii huitwa majazi. Msomaji anayejua maana ya majina hayo huwa ameshaona haki iko upande gani kabla shauri halijasikilizwa. Mbinu hiyo ilikuwa na faida nyingine pia: Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, nchi ya kubuni ya Kusadikika, inayoelea angani na yenye viongozi walioitwa kwa tabia zao, ilimpa mwandishi nafasi ya kuzungumzia utawala usiosikia bila kumtaja mtawala yeyote.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishika njia nyingine. Bwana Msa, mpelelezi wa *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960), ana jina ambalo mtu yeyote wa mtaani angeweza kuitwa. Anatambulika kwa mazoea: kiko chake, utulivu wake, na mazungumzo yake na rafikiye Najum. Anarudi katika riwaya kadhaa akiwa yuleyule, na uthabiti huo ndio unaobeba maana, kwa sababu kila fumbo linapoletwa yeye hupima ushahidi wakati wengine wanashika uvumi.

Badiliko kubwa lilikuja kati ya mwaka 1969 na 1974. Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969), alimchukua Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyehusishwa na maji yaliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi za Wajerumani katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Angeweza kumfanya shujaa kamili kama Liyongo, au tapeli. Badala yake alimtia shaka. Neno alilolitoa akiwa amepandwa na mzimu linawaunganisha watu waliotengana, kisha linamponyoka na kuwa na nguvu zake lenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa imani yake imetikisika. Mtazamaji anaondoka na swali: je, neno lisilo la kweli linaweza kuzaa umoja wa kweli? Swali hilo lisingezuka kama mhusika asingegawanyika moyoni.

Euphrase Kezilahabi aliupeleka mgawanyiko huo ndani zaidi. *Rosa Mistika* (1971) imepewa jina la sifa ya Bikira Maria katika litania ya Kikatoliki, lakini Rosa ni binti wa Ukerewe aliyebanwa na baba mkali na mlevi, akapotea alipopata uhuru, na akajiua. Hapa majazi yamepinduliwa, kwani jina halimwelezi mhusika, linamsuta aliyemlea. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Katika *Kichwamaji* (1974) Kazimoto anajisimulia mwenyewe, na msomaji hana sauti nyingine ya kuegemea ila ya kijana msomi asiyeona maana ya maisha, ambaye naye anajiua.

Baada ya nafsi kuchimbwa hivyo, baadhi ya watunzi waliliacha kabisa jina la mtu. Katika tamthilia ya *Nguzo Mama* (1982) Penina Muhando anawaleta wanawake wanaoitwa kwa namba, Bi Moja mpaka Bi Nane, wanaohangaika kusimamisha nguzo moja. Namba zinawafanya wawakilishe kundi zima, na kushindwa kwao kunakuwa suala la jamii. Kezilahabi mwenyewe katika *Nagona* (1990) alimwacha msimulizi bila jina, akitangatanga katika ulimwengu wa maswali.

Jukwaani na kwenye skrini mhusika huwa na mwili na lafudhi hata kabla hajatamka la maana, na mwili huo unaweza kummeza mwigizaji. Nchini Kenya, Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana kwa wengi kama Mzee Ojwang wa kipindi cha vichekesho cha runinga, *Vitimbi*, mzee anayezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo, ingawa mwigizaji mwenyewe hakuwa Mjaluo. Vichekesho vya namna hii vinarudi kwenye kanuni ya ngano: mtazamaji anafurahi kwa kuwa anamjua mhusika tayari.

Filamu inayotoka katika riwaya hukutana na ugumu wa aina yake, kwa sababu kamera haina njia rahisi ya kueleza mawazo. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999) inamfuata Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Bwana Raza, anayekutana na Denge, mpinzani wa ukoloni Zanzibar. Amil Shivji alipoifanya filamu mwaka 2021, mapenzi ya wawili hao yalichukua nafasi kubwa, na mengi ambayo riwaya huyasimulia yakaachiwa macho na ukimya. Jina Yasmin halitoi hukumu kama Hasidi, wala halitabiri mwisho kama Fisi. Mtazamaji anabaki na uso wake, akiupima mwenyewe.