Motokari ya mazuti ya okazio: kila kizazi na ugonjwa wake

Hapa Kindu, anayeuza motokari ndogo ya okazio hana maneno mengi. Atakuambia ni ya mazuti, na kwamba mazuti haichoki. Mnunuzi anaamini, anatoa pesa ya likelemba au ya kiwanja alichouza. Miezi mitatu baadaye motokari iko juu ya mawe nyuma ya nyumba, na watoto wanaichezea. Sifa hiyo ya mazuti haikuzuka bure: ilikuwa kweli kwa moteri za wakati fulani. Anayejua historia yake atajua pia mahali pa kuangalia kabla ya kutoa pesa.

Mwanzo wake

Mwaka 1897, kule Augsburg, Ujerumani, moteri ya Rudolf Diesel ilifaulu majaribio. Haikuhitaji cheche. Hewa inabanwa mpaka inakuwa moto sana, mazuti yanapulizwa ndani na kuwaka yenyewe. Kwa sababu ya mbano huo, moteri ilibidi iwe nzito, kwa hiyo ikafaa kwanza kwa viwanda na meli. Ndiyo maana motokari za watu zilichelewa: Mercedes-Benz 260 D ilitoka mwaka 1936. Wakati huo Kindu yetu ilikuwa mji wa reli na mto. Kampuni ya CFL ilikuwa imekwisha kumaliza njia ya Kindu–Kongolo, kilomita 355, mwaka 1911, na watu na mizigo walisafiri kwa garimoshi na kwa mashua.

Kizazi cha chuma

Mazuti ilipata nguvu katika motokari ndogo mwaka 1976, Volkswagen ilipotoa Golf ya mazuti yenye moteri ya lita 1.5 na nguvu za farasi 50. Katika miaka ya 1980 zikafuata Peugeot 205, na pia motokari za Toyota kama Corolla, zenye moteri za Toyota za 1C na 2C. Hizi ndizo zilizojenga jina. Pompi yake ilikuwa ya chuma tupu, bila ordinateri. Ilivumilia mafuta yasiyo safi sana, na mekanisie mwenye funguo zake tu aliweza kuifungua na kuirudisha.

Lakini nayo ilikuwa na ugonjwa wake: joto. Maji yakipungua, kifuniko cha juu cha moteri, yaani kulasi, kinapasuka. Moteri ya 2C inajulikana kwa jambo hilo. Kwa hiyo ukikuta motokari ya kizazi hiki, fungua radiateri moteri ikiwa baridi kabisa, kisha iwashe uangalie. Mapovu yasiyoisha ni dalili mbaya. Mafuta ya moteri yakifanana na chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Uliza pia mkanda unaozungusha kamu ulibadilishwa lini, maana ukikatika njiani vali zinapigana na pistoni na moteri imekwisha.

Kizazi cha ordinateri

Mwaka 1997 mambo yaligeuka. Alfa Romeo 156 ilileta mfumo wa bomba moja la pamoja, ambamo mazuti yanakaa kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,000, na ordinateri inaamuru kila enjekteri ifunguke lini. Mwaka 1998 Peugeot ikafuata na moteri zake za HDi. Mwaka 2000, Peugeot 607 ikaongeza filtri ya masizi kwenye bomba la moshi. Motokari ikawa na nguvu, ikanywa kidogo, ikapunguza kelele.

Mwaka huo wa 1998 sisi tulikuwa katika jambo lingine. Oktoba, Kindu iliangukia mikononi mwa RCD, reli ikakatika, na vitu vikaja kwa ndege. Treni ilirudi mwaka 2004. Kwa hiyo kizazi kipya kilizaliwa Ulaya wakati mafundi wetu walikuwa wamefungiwa na vita, wakiendelea kutengeneza kile cha zamani.

Kisha ikaja amri ya Oktoba 2012, chini ya serikali ya Matata Ponyo, mtoto wa Maniema, iliyozuia kuingiza magari ya okazio yaliyopita miaka 10. Hesabu mwenyewe: motokari ya miaka 10 mwaka 2013 ilitengenezwa mwaka 2003. Sheria iliyotaka kutuepusha na vyuma vichakavu ilitusogeza kwenye kizazi cha ordinateri. Na Ulaya, baada ya kashfa ya moshi ya Volkswagen mwaka 2015, watu wengi walianza kuiacha mazuti.

Ugonjwa wa kizazi hiki ni uchafu. Matundu ya enjekteri ni membamba mno, na mazuti yetu yanapita katika mapipa na bidoni kabla ya kufika kwa Kadafi wa kando ya barabara. Tone la maji au chembe ya kutu, ambayo Corolla ya zamani ingeimeza, inaharibu pompi nzima. Filtri ya masizi nayo hujisafisha kwa joto la karibu digrii 600, na joto hilo linahitaji mwendo mrefu wa kasi. Kutoka Kasuku hadi Mikelenge, kwa mashimo tunayoyajua, halifiki. Filtri inaziba, nguvu inaisha.

Kabla ya kutoa pesa

Fika asubuhi bila kumjulisha mwenye mali, uguse kapo. Ikiwa na joto, amekwisha kuiwasha ili kuficha ugumu wa kuwaka. Iwapo ni baridi, iwashe mwenyewe. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Mweusi ni mazuti mengi au hewa kidogo. Mweupe usioisha baada ya moteri kupata moto ni maji, au mazuti yasiyowaka. Fungua mahali pa kutilia mafuta ya moteri: moshi ukipuliza kwa nguvu, pistoni zimechoka. Usiamini namba ya kilometa. Angalia pedali na volani; zikiwa zimelika, motokari imetembea.

Kwa kizazi kipya, ongeza mawili. Washa kontakti utazame kama taa ya moteri inawaka kisha inazimika baada ya moteri kuwaka. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameitoa. Pia omba mekanisie apime mazuti yanayorudi kutoka kila enjekteri kwa chupa ndogo: chupa moja ikijaa upesi kuliko nyingine, enjekteri hiyo inavuja.

Swali la kwanza kwa muuzaji, basi, liwe mwaka wa motokari na aina ya moteri. Jibu lake ndilo litakuambia kama utafute maji katika mafuta ya moteri, au uchafu katika mazuti.