Shetani wa Mpingo na Shetani wa Wino: Jina na Historia Yake

Nilipokuwa masomoni ng'ambo, niliona katika jumba moja la makumbusho kinyago cha Kimakonde kilichowekwa ndani ya sanduku la kioo: mnyama asiyekuwapo duniani, mwenye jicho moja, mdomo mpana na mguu uliopindana ukawa mkono. Maelezo yake yalikuwa neno moja tu, lenye maana ya Ibilisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo imepotoka, na kwamba upotofu huo wa lugha umepotosha pia historia.

Wamakonde waliohama kutoka uwanda wa Mueda, Msumbiji, wakaingia Tanganyika kutafuta kazi, walikuja na ufundi wao wa kuchonga. Mapiko, yaani vinyago vivaliwavyo ngomani, waliyachonga kwa mti mwepesi. Mpingo, ambao ni mzito na mgumu, ulitawala sanaa iliyokusudiwa kuuzwa. Katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianzisha umbo jipya. Husimuliwa kwamba mkono wa sanamu ya mtu aliyokuwa akiichonga ulivunjika. Naye hakuitupa, bali aliigeuza kuwa kiumbe cha ajabu. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alivutiwa na kazi ya namna hiyo akaihimiza. Wachongaji wengine wakafuata.

Kutokana na habari hizo, wako wasemao kwamba shetani ni zao la soko tu. Hoja hiyo haitoshi. Soko lilitoa fedha na mnunuzi, lakini halikumzua nnandenga, pepo wa porini ambaye Wamakonde walimjua kabla ya duka lolote. Lililotokea ni kwamba kiumbe huyo alipata jina la Kiswahili, lugha iliyowakutanisha mchongaji na mwenye duka.

Yafaa ikumbukwe kwamba neno shetani, lililotoka katika Kiarabu, lina maana mbili kwetu. Ya kwanza ni Ibilisi wa dini. Ya pili ni pepo apandaye kichwani mwa mtu: huyu ana kiti chake, hupigiwa ngoma, hufukiziwa, huulizwa jina na haja yake, kisha hupatanishwa. Ibilisi hulaaniwa, pepo huzungumzwa naye. Kinyago cha mpingo ni cha ukoo wa huyu wa pili.

Ushahidi zaidi unapatikana katika kazi za George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Alianza kwa kuchonga. Baadaye, katika Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, aliwahamishia viumbe wake katika wino na karatasi. Katika mti, kombo la tawi humwongoza mchongaji. Karatasi tupu haimwongozi mtu, hivyo mstari wa wino hauna budi kuumba mwili wote. Hata hivyo viumbe ni wale wale: wenye masikio makubwa, matumbo ya mviringo na vidole vichache, wakicheza na kushughulika kama wanakijiji. Mtazamaji huwacheka. Nani amchekaye Ibilisi kwa namna hiyo?

Kwa hiyo, neno shetani liachwe lilivyo katika orodha za makumbusho, nasi tulifafanulie maana zake mbili bila kuzichanganya. Mchongaji alikwisha kutimiza kazi yake. Iliyobaki ni yetu wanalugha.