Waayalandi na Québec

Québec ni jimbo la Kanada ambalo lugha yake rasmi ni Kifaransa. Uhusiano wake na Waayalandi una zaidi ya miaka 300, na ulianza kabla ya Waingereza kulitawala eneo hilo. Waayalandi walifika kwa nyakati tofauti wakiwa askari, vibarua, wakimbizi wa njaa, wakulima na wenye maduka. Wakanada Wafaransa waliowakuta huko walikuwa Wakatoliki kama wengi wao, na kama wao walitawaliwa na taji la Uingereza bila kupenda. Lakini walikuwa pia maskini kama wao, wakihangaikia riziki kwenye gati zilezile na mifereji ileile. Hotuba za sikukuu hupenda upande wa kwanza, ule wa undugu wa kanisani. Historia ya bandari na ya vyama vya wafanyakazi inaonyesha kwamba ugomvi wa ajira ulikuwa na uzito uleule, na mara nyingi waliosali pamoja Jumapili ndio waliopigania kibarua Jumatatu.

Askari wa mfalme wa Ufaransa

Baada ya Mkataba wa Limerick wa 1691, maelfu ya askari Wakatoliki waliihama Ayalandi na kuingia katika jeshi la Ufaransa, na baadhi ya Waayalandi waliokuwa Ufaransa walivuka bahari hadi koloni la Ufaransa Mpya. Wengine walikuwa wametangulia: Tadhg Cornelius O'Brennan alifunga ndoa Montréal mwaka 1670, na uzao wake ukajulikana kwa jina la Aubry. Jadi ya Louis Riel, kiongozi wa Wametisi aliyenyongwa mwaka 1885, iliandikwa kwenye vitabu vya parokia kwa lakabu ya L'Irlande. Makarani na mapadri waliandika majina kama walivyoyasikia, na baada ya vizazi viwili hakuna aliyeweza kumtambua Mwayalandi kwa jina lake.

Ndiyo maana hesabu ya damu ya Kiayalandi katika Québec ina utata. Hurudiwa sana kwamba Wakebeki 40 kati ya kila 100 wana asili ya Kiayalandi. Dai hilo ni tamu kuliko ushahidi wake. Katika sensa ya 2016, waliojitaja kuwa na asili hiyo walizidi 400,000 katika jimbo la watu wapatao milioni 8.

Magogo kwenda, watu kurudi

Wimbi kubwa lililetwa na biashara ya mbao. Napoleon alipoifungia Uingereza masoko ya Ulaya mwaka 1806, magogo ya Baltiki yakawa adimu, na wenye viwanda vya meli wakageukia misitu ya Kanada. Misonobari ilikatwa bara wakati wa baridi, ikafungwa kuwa vyelezo vikubwa na kuelea mtoni hadi jiji la Québec, ambako ilipakiwa kwenda Liverpool, Belfast, Dublin na Cork. Shida ilikuwa safari ya kurudi. Jahazi la magogo likirudi tupu huyumba, kwa hiyo huhitaji farumi. Manahodha wakagundua kwamba abiria ni farumi inayolipa nauli. Walipigilia vitanda vya mbao ngumu ndani ya ngama na kuuza nafasi kwa bei iliyo chini ya nauli ya New York. Abiria wengi waliendelea hadi Marekani au Kanada ya Juu (Ontario ya leo). Walioishiwa nauli walibaki.

Baadhi yao walipewa ardhi iliyokuwa imebaki, yaani ile ya milimani ambayo wakulima wa Kifaransa hawakuihitaji bado: Frampton, Saint-Sylvestre, Valcartier, Rawdon. Wengine walikaa jijini na kuwa makuli wa bandari. Kupakia magogo ilikuwa kazi ya ujuzi na hatari, kwani gogo la tani nzima liliingizwa kupitia mlango uliotobolewa kwenye mwili wa meli na kupangwa ndani ya giza, na likiponyoka lilivunja miguu. Waayalandi waliishika kazi hiyo. Mwaka 1857 waliunda chama chao cha kusaidiana, kikasajiliwa rasmi mwaka 1862, na kwa miaka kadhaa kilikuwa miongoni mwa vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu kubwa kabisa Kanada. Kilipanga ujira, ukubwa wa kikosi na saa za kazi, na nahodha aliyebisha alibaki na meli isiyopakiwa.

Wakanada Wafaransa waliokuja mjini kutafuta kazi waliona mambo hayo kwa jicho lingine. Walidai kwamba chama kinawapendelea Waayalandi, wakaanzisha chao. Agosti 1879 waliandamana kuelekea Champlain, mtaa wa Waayalandi chini ya jabali, na mapigano yakatokea yaliyoua watu hadi jeshi likaitwa. Pande zote mbili zilikuwa za Wakatoliki, na kazi waliyoigombania ilikuwa tayari inakufa. Meli za mvuke zilikuwa zikipanda mto hadi Montréal, na misitu ya karibu ilikuwa imekwisha. Ndani ya kizazi kimoja Waayalandi wengi wa jiji la Québec walihama.

Siasa ya pamoja

Kabla ya uhasama huo kulikuwa na muungano wa kweli. Daniel Tracey, daktari kutoka Ayalandi, alianzisha gazeti la Vindicator mjini Montréal mwaka 1828, akiwaeleza wasomaji wake kwamba madai ya Daniel O'Connell, mtetezi wa Wakatoliki kule Ayalandi, na ya Louis-Joseph Papineau, kiongozi wa Wakanada Wafaransa bungeni, ni mamoja. Aligombea ubunge mwaka 1832. Tarehe 21 Mei, kura zikiendelea kupigwa, askari wa Uingereza walifyatulia umati risasi na kuua Wakanada Wafaransa 3. Tracey alitangazwa mshindi, lakini kipindupindu kilimuua Julai mwaka huohuo kabla hajakalia kiti chake. Mhariri aliyemfuata, Edmund Bailey O'Callaghan, akawa mkono wa kulia wa Papineau. Novemba 1837 wafuasi wa Uingereza waliivunja ofisi ya gazeti, uasi ukazuka siku chache baadaye, na O'Callaghan akakimbilia Marekani asirudi tena. Si Waayalandi wote waliokuwa upande huo: Waprotestanti wengi, na Wakatoliki wenye mali, walibaki na serikali.

Kiangazi cha 1847

Kipindupindu hichohicho cha 1832 ndicho kilichowafanya wakuu wafungue kituo cha karantini Grosse Île, kisiwa kidogo cha mto Saint-Laurent kilicho chini ya jiji la Québec. Miaka 15 baadaye kisiwa hicho kiliona mambo ambayo hakuna aliyejiandaa nayo. Viazi, chakula pekee cha mamilioni ya Waayalandi, vilikuwa vimeoza shambani tangu 1845. Mwaka 1847 watu wapatao 100,000 walipanda meli kuelekea Québec, wengi wakiwa na tifasi, homa inayoenezwa na chawa.

Meli ya kwanza, Syria, ilitia nanga katikati ya Mei. Marehemu wa kwanza kuandikwa alikuwa mtoto wa miaka 4, Ellen Keane. Hospitali ya Dakta George Mellis Douglas ilikuwa na vitanda 150 tu. Mwisho wa Mei meli zipatazo 40 zilikuwa zimejipanga mtoni zikisubiri kukaguliwa, wazima na wagonjwa wakiwa wamefungiwa pamoja katika ngama ileile, na kusubiri kwenyewe kukawa chanzo cha ugonjwa. Mapadri, madaktari na wauguzi waliokwenda kusaidia waliambukizwa, na baadhi yao wakafa. Zaidi ya watu 5,000 walizikwa kisiwani mwaka huo, wengi katika makaburi ya pamoja.

Karantini haikuizuia tifasi kupanda mto. Montréal mabanda ya wagonjwa yalijengwa Pointe-Saint-Charles, na Masista wa Kijivu, shirika la watawa wa Kifaransa, wakaingia humo wakijua hatari yake. Meya wa mji, John Easton Mills, aliwahudumia wagonjwa kwa mikono yake na akafa Novemba. Waliokufa hapo wanakadiriwa kuwa 6,000. Mwaka 1859 vibarua waliokuwa wakijenga Daraja la Victoria, wengi wao Waayalandi, walikuta mifupa wakichimba. Walichukua mwamba wa tani 30 kutoka mtoni wakausimamisha juu ya makaburi, na mwamba huo bado upo, sasa ukiwa katikati ya barabara yenye malori. Mifupa mingine ilifukuliwa mwaka 2019 wakati wa ujenzi wa reli ya jiji.

Mamia ya yatima waligawiwa familia za Kikanada Kifaransa, kazi iliyosimamiwa kwa sehemu kubwa na Padri Charles-Félix Cazeau wa Québec. Hadithi inayopendwa ni kwamba watoto hao walilelewa kama wa kuzaliwa, na wakaachiwa majina yao. Wako waliobahatika hivyo, na koo zenye majina ya Kiayalandi zisizojua neno la Kiingereza ni ushahidi. Wako pia waliochukuliwa kwa sababu shamba lilihitaji mikono, na wengine walitoroka. Ukarimu ulikuwepo, na hesabu ya kazi ilikuwepo pia.

Mwaka 1909 chama cha Wakatoliki wa Kiayalandi, Ancient Order of Hibernians, kilisimamisha msalaba wa Kiselti wa mawe kwenye kilele cha Grosse Île, ukiwa na maandishi ya Kiayalandi, Kifaransa na Kiingereza, na yale ya Kiayalandi yanaishutumu Uingereza waziwazi kuliko yale mengine. Aliyeuchora ni Jeremiah Gallagher. Mjukuu wake, mwanahistoria Marianna O'Gallagher, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kukusanya habari za kisiwa hicho. Karantini ilifungwa mwaka 1937. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanasayansi wa Kanada na Marekani walikitumia kisiwa kwa siri, na chanjo mpya ya sotoka ilitengenezwa hapo, ugonjwa uliofyeka ng'ombe wa wafugaji wa Afrika Mashariki miaka ya 1890.

Mfereji, Griffintown na Joe Beef

Montréal ya viwanda ilijengwa kandokando ya Mfereji wa Lachine, uliochimbwa kati ya 1821 na 1825 kwa jembe na toroli, wachimbaji wengi wakiwa Waayalandi. Upanuzi wa miaka ya 1840 ulileta vibarua maelfu wakati kazi zikiwa chache. Watu wa Cork na wa Connaught walipigana wao kwa wao hadi mwaka 1843, ujira ulipokatwa, wakaacha ugomvi na kugoma pamoja. Kwenye mfereji jirani wa Beauharnois, Juni mwaka huo, askari waliwafyatulia wagomaji na kuua watu 6 au zaidi.

Maji ya mfereji yalizungusha vinu vya unga, viwanda vya misumari na mitambo ya chuma. Wafanyakazi walikaa Griffintown, bondeni, ambako mto ulifurika karibu kila masika. Mtu aliyejulikana zaidi kando ya bandari alikuwa Charles McKiernan, mzaliwa wa Cavan na askari mstaafu wa Vita vya Krimea, aliyeitwa Joe Beef kwa ustadi wake wa kutafutia kikosi nyama. Kilabu chake kililisha na kulaza maskini wa kila kabila, na ndani yake alifuga dubu waliozoeshwa kunywa bia. Desemba 1877 vibarua wa mfereji walipogoma, aliwapelekea mikate 3,000 na lita zaidi ya 2,000 za supu. Alipokufa mwaka 1889, maelfu walimsindikiza.

Fedha za watu hao nazo zilipata pa kukaa. Mwaka 1846 Askofu Ignace Bourget alihimiza kuanzishwa kwa benki ya akiba ya Montréal, Wafaransa na Waayalandi wakikaa katika bodi moja. Rais wake wa kwanza, William Workman, mfanyabiashara wa vifaa vya chuma, alikuwa Mprotestanti kutoka Lisburn. Benki hiyo ndiyo iliyobadilishwa jina mwaka 1987 kuwa Benki ya Laurentian.

Kanisa, lugha na ndoa

Kanisa la Mtakatifu Patrick lilifunguliwa Montréal tarehe 17 Machi 1847, miezi michache kabla ya tifasi. Maandamano ya mtakatifu huyo yalikuwa yamekwisha kuanza tangu 1824, na jani la shamroki limo katika nembo ya mji tangu 1833. Lakini Waayalandi walitaka mahubiri na shule kwa Kiingereza, na Bourget alipotaka kupanga upya parokia miaka ya 1860 walimpinga hadi Roma. Lugha hatimaye ilitenganisha zaidi ya dini ilivyounganisha: mijini, Mwayalandi alihesabiwa upande wa Waingereza, watu ambao wazazi wake walikuwa wamewakimbia. Vijijini ilikuwa kinyume, na ndoa zilimaliza kazi. Mshairi Émile Nelligan, aliyeandika kwa Kifaransa, alikuwa mwana wa mfanyakazi wa posta kutoka Dublin. La Bolduc, mwimbaji maarufu wa miaka ya 1930, alizaliwa Mary Travers huko Gaspésie. Familia ya Johnson ilitoa mawaziri wakuu 3 wa Québec, baba na wana wawili, kila mmoja kwa chama tofauti.

Mtaji unavuka upande wa pili

Kwa karne mbili Ayalandi ilituma watu na Québec ikatoa kazi. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 mkondo umegeuka, na kinachovuka ni fedha. Great-West Lifeco, kampuni ya bima iliyo chini ya Power Corporation ya Montréal, iliinunua Irish Life kutoka serikali ya Ayalandi mwaka 2013 kwa euro bilioni 1.3, wakati Dublin ilipohitaji kuuza baada ya mabenki yake kuanguka. Couche-Tard, kampuni ya maduka kutoka Laval, ilinunua vituo vya mafuta vya Topaz mwaka 2016, na leo dereva wa Ayalandi hujaza mafuta chini ya bango la Circle K la Wakebeki. Mkataba wa biashara kati ya Kanada na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika kwa muda Septemba 2017.

Mfano mzito zaidi uko Ayalandi ya Kaskazini. Mwaka 1989 Bombardier ya Montréal iliinunua Short Brothers ya Belfast, kiwanda cha ndege ambacho wafanyakazi wake walikuwa kwa desturi Waprotestanti. Mabawa ya ndege ya CSeries yalitengenezwa Belfast na kuunganishwa Mirabel, nje ya Montréal. Mwaka 2017 Wizara ya Biashara ya Marekani ilipendekeza ushuru wa karibu asilimia 300 juu ya ndege hiyo, na vyama vya wafanyakazi vya miji yote miwili vikajikuta vikipigania ajira ileile, safari hii vikiwa upande mmoja. Ushuru huo ulifutwa Januari 2018. Airbus ilichukua mradi na kuuita A220, na mwaka 2020 Bombardier iliuza kiwanda cha Belfast kwa Spirit AeroSystems ya Marekani, huku mabawa yakiendelea kusafirishwa hadi Mirabel.