Mikono Iliyogeuza Redio

Historia ya redio yetu huandikwa kwa watangazaji: Sauti ya Dar es Salaam 1951, kisha RTD. Msikilizaji, naona, kasahaulika. Kwetu Bungu, milimani Korogwe, wazee walisikiliza masafa ya kati kwa kuigeuzageuza redio. Antena yake imo ndani, koili ndogo kwenye kijiti cheusi cha feraiti. Ncha ya kijiti ikielekea kwenye chanzo cha mkwaruzo, mkwaruzo hufifia, na stesheni iliyo upande mwingine hubaki. Ufundi huo, jamani, nani kauandika? Halafu umeme wa REA ukaingia vijijini. Mkwaruzo wa chaja na taa za LED husambaa kwenye nyaya za nyumba nzima. Ugeuze redio wapi? Jirani yangu huzima swichi kuu, ndipo asikilize taarifa ya habari kwa betri.